Bomba safi halifiki dago

Jumatatu, Tanga mjini

Foleni ya methadone, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini, hapa Hospitali ya Bombo huanza mapema. Mtu anafika dirishani, anahakikiwa, mfamasia anampimia dawa kwenye kikombe, anainywa papo hapo, anashushia maji, kisha anaongea maneno mawili matatu ili ijulikane imeshuka kooni. Haizidi dakika mbili. Kesho anarudi, keshokutwa anarudi, sikukuu anarudi. Nimesimama upande wa ndani wa dirisha la namna hii Dar es Salaam, nikiwa muuguzi, na mpaka leo naamini ni moja ya mambo mazuri kabisa ambayo sekta ya afya ya nchi hii imeyafanya. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011. Baadaye zikafuata nyingine: Mwananyamala, Temeke, Mbeya, Mwanza, Dodoma, na hapa Tanga.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Mraibu wa heroini anaamka na arosto: mifupa inauma, kamasi zinachuruzika, tumbo halitulii, na akili yote imeelekea kwenye kete ya kwanza, kile kipakiti kidogo cha unga. Methadone inampa siku nzima ya utulivu. Asiyehangaikia kete hahangaikii bomba la sindano, na asiyehangaikia bomba haazimi la mwenzake. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yanapungua kwa zaidi ya nusu wakiwa kwenye matibabu haya.

Lakini dirisha halitembei. Leo nimekaa benchi moja na kijana kutoka kusini mwa Mto Pangani, aliyekuwa baharia kwenye boti ya dagaa. Kutoka kwao hadi hapa ni bodaboda, kivuko, kisha gari. Nauli ya kwenda na kurudi inakula kipato cha siku, na akirudi kijijini boti imeshaondoka. Ilibidi achague, akachagua dawa. Sasa analala kwa shangazi yake Ngamiani na anabeba mizigo sokoni.

"Nesi, nimewaacha wenzangu kule," aliniambia. "Wao hawana shangazi Tanga."

Kesho tunaelekea huko kwao. Tuko watatu: mimi, mtaalamu wa maabara, na mwelimishaji rika ambaye mwenyewe alijidunga kwa miaka kabla ya kuingia kwenye methadone. Wote tunamwita Kaka, na humu nitamwita hivyo. Kaka amepewa dozi za kubeba za safari nzima. Ziko kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo ameuvaa shingoni. Bila kisanduku kile asingeweza kuvuka hata mto.

Tarehe ya safari imepangwa kwa kufuata mbalamwezi. Boti za dagaa huvua usiku kwa taa, na taa hufanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki, boti zinapumzika, na mabaharia wanakaa nchi kavu na fedha za mgawo mfukoni. Ndizo siku unga unapotumika zaidi, na ndizo siku unazoweza kumpata mtu akazungumza. Kaka anasema wataalamu waliwahi kuja kipindi cha giza: mchana waliwakuta watu wamelala hoi, usiku dago lote, yaani kambi nzima ya wavuvi, likawa baharini. Wakaandika kwenye ripoti kwamba mwitikio ni mdogo.

Jumanne, barabara ya Pangani

Tumepita njia ya pwani, tukisimama kila penye duka la dawa muhimu. Nilitaka kuona kwa macho yangu mtu anayejidunga anaweza kununua nini akiwa mbali na mji.

Duka la kwanza lilikuwa na bomba za mililita 5 peke yake, zile za sindano inayochomolewa. La pili lilikuwa na za mililita 2 na 5. Bomba dogo la insulini, la mililita 1, lenye sindano iliyoungana na mwili wake, hatukulikuta popote. Kwa mpita njia hili ni jambo dogo, ila kwangu mimi lilikuwa zito kuliko yote tuliyoyaona siku hiyo. Bomba lenye sindano ya kuchomoa, hata ukilisukuma mpaka mwisho, hubakiza majimaji kwenye shingo yake: vipimo vya maabara vimekuta zaidi ya mikrolita 80. La insulini hubakiza kama mikrolita 2. Damu inayobaki ndiyo inayomfikia mtu wa pili. Kwa hiyo hata pale ambapo watu wanaazimana, na tunajua wanaazimana, aina ya bomba lililoletwa dukani inaamua ni virusi wangapi wanavuka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Dada wa duka la tatu alitueleza bila kuficha kwamba wakija "mateja" anawaambia zimekwisha. Anaogopa polisi, anaogopa wateja wengine watamwonaje, anaogopa kuibiwa. Sikumlaumu. Nilimuuliza wakikosa wanafanyaje. Akanyamaza, kisha akasema wanaokota jalalani nyuma ya zahanati.

Tukakaa naye karibu saa nzima. Nilimweleza kwamba bomba likishatumika na mwenye VVU na mwingine akalitumia, hatari inakadiriwa kuwa 63 katika kila matukio 10,000. Anayejidunga mara tatu kwa siku, siku zote za mwaka, anafikisha matukio zaidi ya elfu moja, na hapo hesabu inatisha. Nikamweleza pia kuhusu homa ya ini aina ya C, ambayo kirusi chake kimeonekana kuishi ndani ya bomba hadi siku 63 maabara. Kilichomgusa, hata hivyo, hakikuwa namba. Kaka alimwambia, "Dada, mimi nilikuwa nakuja kwenye duka kama hili. Aliyeniuzia bomba bila kunitukana ndiye niliyemsikiliza aliponiambia nikapime." Dada akachukua kalamu, akaandika "insulini mililita 1" kwenye orodha yake ya mzigo ujao.

Jumatano, kuvuka mto

Kivuko cha Pangani kilituchelewesha, nguzo za daraja jipya zikiwa mbele ya macho yetu. Daraja likikamilika, sehemu ya tatizo la kijana wa juzi itapungua, na hilo ni jema. Sehemu tu, kwa sababu kliniki itabaki kuwa Tanga.

Upande wa pili nilizungumza na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ambaye kwa miaka alilipwa posho kupitia mradi wa wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipotoa amri ya kusimamisha misaada yake ya nje, simu ilimkuta akiwa njiani kupeleka dawa. Akaambiwa arudi. Februari ikaja ruhusa ya sehemu ya huduma kuendelea, lakini kwa fedha zile PrEP, yaani dawa kinga ya VVU kwa asiye na maambukizi, iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Wanaojidunga hawakuwamo. Yeye aliendelea kuzunguka kwa baiskeli yake mwenyewe bila posho mpaka tairi likaisha. Hadithi yake ninaiandika kwa sababu mjini tulizungumzia amri ile kama habari ya bajeti, na huku ilikuwa habari ya mtu mmoja aliyekuwa anajua nyumba zote.

Alhamisi, dago

Jina la mahali naliacha. Ni kambi ya wavuvi, wenyeji na wageni kutoka Unguja, Pemba na mwambao mzima, na kila mtu anamjua mwenzake. Ukitaja kambi umetaja watu.

Kaka alitangulia peke yake. Alikaa maskani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaturudia na kusema tuingie bila makoti meupe na bila simu mkononi. Maskani yenyewe ni nyuma ya boti mbovu, chini ya mkungu. Walikuwepo wanaume wachache, mkubwa wao ametuzidi umri wote. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kutuambia tukae.

Ninaeleza nilichokiona kwa karibu, kwa sababu ndani yake ndimo kinga inamopita au kukwama. Watu wanne walichangishana kununua kete. Walikuwa na bomba moja la mililita 5, namba zake zimefutika kwa kutumika, na mpira wa ndani umekuwa mgumu hata linasukumwa kwa nguvu ya viganja viwili. Unga uliyeyushwa kwenye kifuniko kimoja, maji yakatoka kwenye kikombe kimoja, pamba ya kuchujia moja. Kabla ya wa pili kupokea, bomba lilisuuzwa kwenye kikombe kilekile. Mtu akiona vile anaweza kudhani ni uzembe. Haukuwa uzembe: walisuuza kwa uangalifu, mara mbili, na yule mzee akamkemea kijana aliyetaka kuruka hatua hiyo. Walikuwa wanafanya usafi walioujua kwa vifaa walivyokuwa navyo. Maji yale tayari yalikuwa na damu ya wa kwanza.

Niliuliza bomba limetoka wapi. Limekuja na boti, tangu giza lililopita. Kwa nini hawanunui jingine? Duka la karibu lenye bomba ni mwendo wa bodaboda, na nauli yake ni bei ya kete na zaidi. Mwenye arosto hawezi kutoa fedha hiyo akasubiri. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kumfikishia kila anayejidunga bomba na sindano 300 kwa mwaka ifikapo 2030. Hapa maskani moja ina moja.

Kaka akafungua mfuko. Tulikuwa tumenunua bomba za insulini Tanga kwa fedha zetu, boksi mbili, pamoja na vifuniko, pamba na maji safi kwenye vichupa vidogo. Aliwaonyesha kwamba kila mtu awe na kifuniko chake, maji yake na pamba yake, kwa sababu bomba jipya likichovya kwenye kikombe cha wote limeshakuwa la wote. Akawaambia pia waache ndimu, kwa kuwa maji yake huingiza fangasi kwenye damu, na fangasi huyo akifika kwenye jicho anaweza kulipofusha. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Hizi zikiisha?"

Nilimjibu kwamba nimekuja kutafuta jibu la swali hilo, na kwamba sitaondoka bila kuzungumza na wenye maduka na wenye kijiji.

Ijumaa, dago

Tumepima watu asubuhi, kabla ya sala. Wengine walitaka kujipima wenyewe, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019 hilo linaruhusiwa nchini. Unapitisha kijiti kwenye fizi, unasubiri dakika ishirini, na jibu likiwa na mistari miwili unathibitishiwa kwa vipimo vya kituo. Kujipima kunawafaa watu hawa kuliko nilivyotegemea. Kijana mmoja alikwenda kukaa peke yake kwenye ngalawa, akarudi na kijiti mkononi, akicheka na kufuta macho.

Wengi wao hawana maambukizi. Ninarudia kuliandika hili kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi: wangekuwa wote wameambukizwa, tungezungumza dawa za kufubaza virusi. Hawajaambukizwa, na bomba ni moja.

Waliopatikana na VVU tumekubaliana nao kwenda pamoja kituoni. Hapo Kaka alisema jambo ambalo wahudumu wengi hawalijui. Miaka ya nyuma aliugua kifua kikuu akiwa kwenye methadone. Rifampisini, dawa kuu ya TB, huifanya ini imalize methadone haraka, na arosto ikamrudia akiwa anakunywa dozi yake kila siku bila kukosa. Alidhaniwa anadanganya ili aongezewe dawa, akarudi kujidunga. Efavirenzi, iliyokuwa ikitumika sana kwenye ARV, ilikuwa na tabia hiyohiyo. Dolutegraviri inayotumika sasa haina shida hiyo. Mtu wa maskani anahitaji kuambiwa haya mapema, na mhudumu anayempokea anahitaji kuyajua zaidi yake.

Kuhusu PrEP tumezungumza mpaka alasiri. Utafiti uliofanyika Bangkok kwa watu wanaojidunga, ulioripotiwa 2013, ulikuta kidonge cha tenofoviri cha kila siku kinapunguza maambukizi kwa karibu asilimia 49, na zaidi kwa waliokunywa bila kuruka. Bahari ndiyo inayoruka: baharia anaweza kukaa dago jingine wiki kadhaa, na chupa ya vidonge kwenye boti inaloa, inapotea, inaulizwa maswali. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenakapaviri, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Niliwatazama wale watu nikawaza kwamba hakuna wanaoifaa kuliko wao, na kwamba kwa mazoea yetu watakuwa wa mwisho kuisikia.

Baada ya sala tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye imamu akiwepo. Mwenyekiti alitupokea vizuri. Hoja yake ilikuwa kwamba kambi ni ndogo, watumiaji ni wachache, na bomba tukizileta tutawaongeza. Nilimsimulia Austin, mji mdogo wa Indiana, Marekani, wenye watu kama elfu nne. Wilaya yake ilikuwa ikipata wagonjwa wapya wa VVU wasiozidi watano kwa mwaka. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2014 virusi vikaingia kwenye kundi la watu wanaojidunga waliokuwa wakiazimana vifaa, na zaidi ya watu 200 wakaambukizwa. Gavana akalazimika kutangaza dharura na kuruhusu ugawaji wa sindano safi, na moto ukazimika. Udogo wa mahali ndio ulioeneza, kwa sababu watu ni walewale na bomba ni lilelile.

Imamu ndiye aliyejibu. Alisema hawezi kuuhalalisha unga na tusimwombe hivyo. Kisha akasema maiti za vijana amezikosha yeye, na kama kuna namna kijana akabaki hai mpaka atubu, hatakuwa yeye wa kuizuia. Mwenyekiti akakaa kimya kwa muda, halafu akauliza takataka za bomba tutaziweka wapi, maana watoto wanatembea pekupeku ufukweni. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya mkutano. Tumekubaliana dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa kufunga, likae maskani, likijaa lipelekwe zahanati kuteketezwa.

Jumamosi, upande wa kina mama

Wanawake wanaotumia hawakuonekana maskani siku zote mbili. Tumewakuta leo kwa mama lishe mmoja, chumba cha nyuma, wakati wa kupepeta mchele. Walikuwa watatu. Mmoja wao hajawahi kujidunga mwenyewe: mwanaume wake humdunga, akishamaliza yeye, kwa bomba lake yeye. Ndivyo ilivyo kwa wanawake wengi, wanakuwa wa pili. Wenzake wawili wanalala na mabaharia ili wapate kete, na kondomu inategemea hali ya mteja.

Niliwauliza kuhusu kuchomana damu ya aliyekwishajidunga, jambo lililoripotiwa mara ya kwanza Dar es Salaam mwaka 2005, ambapo mwenye unga humpa bomba la damu yake mwenzake aliyeshikwa na arosto. Walitazamana. Mmoja akasema amelisikia, akainamisha kichwa. Sikuendelea. Nilimweleza tu kwamba damu ile haina unga wa kutuliza arosto, ina virusi kama mwenyewe anavyo, na kwamba aliyepatwa na jambo kama hilo anaweza kupewa dawa za dharura, PEP, zikianzwa ndani ya saa 72 na kunywewa siku 28. Akauliza zinapatikana wapi. Kituo cha karibu chenye nazo kiko ng'ambo ya mto. Akahesabu kwa vidole: kumsubiri mwanaume aondoke, kupata nauli, kuvuka. Zilimbakia saa chache.

Mama lishe, aliyekuwa anasikiliza bila kuacha kupepeta, akasema, "Mwanangu, zilete kwangu hizo bomba. Hapa hakuna anayemuuliza mtu alichofuata."

Jumapili, kurudi Tanga

Njiani tumeandika mambo ya kupeleka mbele, nami nayaweka hapa jinsi yalivyo.

Boksi la bomba za insulini litakaa kwa mama lishe, na jingine kwa mzee wa maskani. Dada wa duka la barabara ya Pangani ameshapiga simu kusema mzigo wake umekuja, na bomba za mililita 1 zimo. Kaka atakwenda dago kila mbalamwezi, kubadilisha dumu la taka, kupima wapya na kupeleka PrEP kwa walioianza. Nauli yake kwa safari mbili za mwanzo tumechanga sisi. Ya tatu haijapatikana.

Kwa uongozi wa kliniki tunaomba dozi za kubeba kwa watu wa mbali mara wanapotulia, badala ya kusubiri muda uleule anaosubiri mtu wa Ngamiani. Marekani, ambako masharti ya methadone yalikuwa makali, waliruhusu hadi dozi za siku 28 kwa waliotulia wakati wa korona mwaka 2020, na 2024 wakaiweka kwenye kanuni za kudumu. Tunaomba pia PEP iwekwe kwenye zahanati ya upande wa kusini wa mto, hata kama ni chupa chache.

Watu wanne wa dago wametoa ridhaa ya kuandikishwa methadone. Yule kijana wa benchi nimempigia nikiwa bado kivukoni. Amesema shangazi anaweza kumpokea mmoja kwa wiki za mwanzo, na ametaka awe yule mzee, kwa sababu mgongo wake hauwezi bodaboda ya kila siku. Kikao na kliniki ni Jumanne asubuhi. Kaka atakuja na kisanduku chake.